Pampu Ikitetemeka, Kagua Beringi

Mkulima wa Magarini, Ngerenya au Tezo, ikiwa wamwagilia mboga kwa pampu au wasagisha mahindi kwa mashine, kazi yako inategemea kitu kidogo: beringi. Hiyo ndiyo inayoshika shafti ili izunguke kwa wepesi.

Ndani ya beringi mna gololi zinazobingirika kati ya pete mbili za chuma. Kati ya gololi na pete hukaa utando mwembamba wa grisi, nao huzuia chuma kusagana na chuma.

Kwetu pwani adui ni wawili. Mchanga hukwaruza, na hewa ya chumvi huleta kutu. Mwishowe pete huchimbika, na kila gololi inayopita juu ya kishimo hugonga. Beringi yenye gololi 8, ikizunguka mara 1,450 kwa dakika, huweza kugonga kishimo kimoja cha pete ya nje kama mara 4,600 kwa dakika hiyo. Grisi ikitosha, pigo hupungua. Grisi ikipungua, mtetemo huzidi, sauti huwa kali, joto hupanda, na kishimo hupanuka.

Fanya hivi:

1. Simamisha mashine kabla ya kutia grisi. Mkanda unaozunguka hukata vidole.

2. Pangusa chuchu ya grisi kwanza, usije ukasukuma mchanga ndani.

3. Tia kiasi. Grisi ikijaa kupita kiasi, beringi huchemka.

4. Usichanganye grisi za namna mbalimbali. Nyingine hazipatani, huyeyuka na kuvuja.

5. Beringi iliyozibwa pande zote haitiwi grisi. Ikiharibika, hubadilishwa.

Baada ya kutia grisi, washa mashine usikilize. Kelele ikiisha isirudi, yamkini beringi ilikuwa na njaa ya grisi tu. Ikitulia, kisha ikarudi upesi, jua kwamba imekwisha kuchimbika. Usidanganyike na ule ukimya. Grisi hutuliza beringi mbovu, lakini haiiponyi.

Basi mwite fundi aibadilishe mapema. Ukingoja mpaka ikwame, itaharibu shafti pia, nawe utanunua vitu viwili badala ya kimoja. Tena pampu haichagui siku ya kukwama: huenda ikawa katikati ya kaskazi, mboga zikiwa shambani na mvua iko mbali.