Mukutano wa watunza-maktaba: kijana anayejiandaa kwa kazi ya maktaba ya masomo anafuata nini kule?

Kwenye masomo mengi ya mashariki mwa Kongo, vitabu vinafungiwa ku biro ya direkta ao ya prefe, na funguo iko na mutu mumoja. Mara nyingi ni mwalimu ambaye hakusomea kazi ya maktaba. Tangu masomo ya musingi ya serikali yawe ya bure, mwezi wa 9 mwaka 2019, watoto wengi zaidi wameingia darasani, na kila kitabu kilichopo kinahitajika zaidi.

Kijana anayejiandaa kwa kazi hii atakuwa mara nyingi peke yake. Mwalimu wa hesabu akikwama, anauliza mwenzake wa hesabu. Mutunza-maktaba atauliza nani? Juu ya ile, mukutano wa kazi uko na maana: kule anapata wenzake.

Mikutano gani iko?

IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, lilianzishwa mwaka 1927 kule Edinburgh, Uingereza. Mukutano wake mukubwa ulishafika Afrika: Nairobi mwaka 1984, Durban mwaka 2007 na Cape Town mwaka 2015. Kifaransa ni moja ya luga zake saba za kazi. IASL, chama cha maktaba za masomo, kiko tangu mwaka 1971. Kwa Afrika kuko AfLIA, yenye makao Accra, Ghana. Ilikutana Yaoundé mwaka 2017 na Nairobi mwaka 2019.

Siku zinapita namna gani?

Mazungumzo mengi yanafanyika saa moja katika vyumba mbalimbali, kwa hiyo ni lazima kusoma programu mapema na kuchagua. Kuko pia pahali pa mabango: mutu anasimama karibu na karatasi kubwa na kueleza kazi aliyofanya kwake. Hapo ndipo mwanafunzi anaweza kuuliza bila haya, maana ni watu wawili watatu tu. Wachapishaji wanaonyesha vitabu, na kuna matembezi ya kuona maktaba za muji.

Anayeenda bila ulizo atarudi na mufuko wa karatasi tu. Afazali abebe maulizo ya kwao: Namna gani mtoto apeleke kitabu nyumbani na kisipotee? Vitabu 200 vipangwe vipi? Mzazi anayesema kitabu cha hadisi ni kupoteza wakati ajibiwe nini? Majibu mengi hayaombi feza nyingi: rejista yenye jina, darasa, tarehe ya kutoka na ya kurudi, kipande cha rangi mugongoni mwa kila kitabu, wanafunzi wakubwa wawili wa kusaidia. Mupango wa Dewey, wa tangu mwaka 1876, unagawa vitabu katika mafungu kumi, lakini kwa kabati moja rangi zinaweza kutosha.

Na feza?

Ni pale wengi wanakwama: pasipoti, viza, tiketi, malazi, na malipo ya kujiandikisha. Mara nyingi wanafunzi wanalipa kidogo kuliko wengine, na vyama vingine vinasaidia wachache kusafiri. Kuomba kunafanyika miezi mingi mbele. Angalisho: kuna mialiko ya uongo inayotumwa kwa telefone ao barua-pepe, yenye kuomba feza haraka. Mbele ya kulipa, hakikisha mukutano unatangazwa na chama chenyewe, na usitume makuta kwa namba ya mutu binafsi.

Asiyeweza kusafiri

Mazungumzo mengine yanafuatwa kwa intaneti. Tena, IFLA na IASL walitoa mwaka 2015 muongozo wa maktaba za masomo. Unapatikana bure, hata kwa Kifaransa. Muongozo huo unasisitiza kwamba maktaba ya masomo inahitaji mutu aliyefundishwa kazi hiyo. Chumba na vitabu peke yake havitoshi.

Na mukutano unaweza kuanzia hapa. Walinzi wa vitabu wa masomo ine ya kata moja wakutane siku ya posho moja, kila mumoja na rejista yake. Wahesabu vitabu vilivyotoka, vilivyorudi na vilivyopotea, kisha kila mumoja aseme anafanya nini ili vingine visipotee. Atakayepata siku moja nafasi ya kwenda Accra ao Nairobi atakuwa na kitu cha kueleza wenzake kule.