Duka Dogo la Vitabu Litasimama Vipi Mbele ya Supamaketi?



Kila Januari tunawaona wazazi wa Umoja, Kayole na Dandora wakiwa na orodha ya vitabu mkononi. Wachache wanaingia duka la mtaani. Wengi wanapanda matatu kwenda supamaketi. Tusiwalaumu, mzazi hufuata bei. Lakini hiyo bei inatoka wapi?

Bei hupunguzwaje?

Tuchukue mfano. Kitabu kinauzwa shilingi 500. Mwenye duka dogo ananunua nakala tano, anapewa punguzo la asilimia 15, yaani analipa 425. Supamaketi inaagiza mamia, inapewa asilimia 30, inalipa 350. Ikiuza kwa 450 bado inapata faida ya 100. Mwenye duka naye akiuza 450 anabaki na 25 tu, na hapo hajalipa kodi wala nauli. Kwa hivyo si kwamba yeye ni mchoyo. Nguvu ya mkubwa ni kununua kwa wingi.

Pigo lingine

Elimu ya msingi ya bure ilipoanza 2003, shule za umma zilipewa pesa za vitabu, na nyingi zilinunua madukani. Mwaka 2018 Serikali ilianza kununua moja kwa moja kwa wachapishaji na kupeleka vitabu shuleni. Wanafunzi walipata vitabu zaidi, na hilo ni jambo jema. Lakini maduka yalipoteza wateja wao wakubwa, yakabaki kutegemea wazazi wa shule za kibinafsi. Halafu mtaala ukabadilika. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na vitabu vya mtaala wa zamani vikamkalia mwenye duka kwenye rafu.

Kwa nini tujali?

Supamaketi hujaza vitabu shule zikifunguliwa, kisha rafu nyingi hurudia bidhaa nyingine. Mtoto akipoteza kitabu mwezi wa Juni, ni duka la mtaani litakalomtafutia. Huko pia mama anayejulikana anaweza kulipa pole pole.

Tena, ukubwa si dhamana. Uchumi ilifungwa 2006, ikafunguliwa tena mwaka huo huo, na baadaye ikaanguka tena. Rafu za Nakumatt zilibaki tupu 2017, na mwaka 2020 wadai wake waliamua ivunjwe. Tuskys nayo ilianza kufunga matawi yake 2020. Duka dogo likiwa limekwisha kufa, na mkubwa naye akaondoka, mtaa utabaki na nini?

Kikundi kifanye nini?

Haba na haba hujaza kibaba. Nguvu ya kununua kwa wingi hata sisi tunaweza kuipata, mjini na kijijini:

1. Mwezi wa Oktoba, kila mwanachama alete orodha ya shule. Katibu aandike orodha moja ya kikundi.

2. Tengeni pesa za vitabu kando na zile za merry-go-round, kidogo kidogo kila mkutano.

3. Nendeni kwa duka la karibu mkaulize: "Tukichukua nakala 40, utatuuzia kwa bei gani?" Mwenye duka akijua vitabu vina wenyewe, naye ataweza kudai punguzo kubwa kwa mchapishaji.

4. Lipeni arbuni tu, mpewe risiti. Salio litolewe vitabu vikifika na kuhesabiwa. Watu wawili waende, si mmoja.

5. Hakikisheni ni toleo la mtaala wa sasa lililoidhinishwa na KICD.

Maswali ya kujadili kikundini

Ni nani anayeuza vitabu karibu nasi? Mwaka jana kila mmoja wetu alitumia pesa ngapi kwa vitabu, pamoja na nauli? Tungeagiza pamoja, tungeokoa kiasi gani?

Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi kabla ya Oktoba. Hesabu hiyo ndiyo itakayowaonyesha kama safari ya supamaketi inawafaa au la.