Kutoka Kipimo cha Presha hadi Bei ya Kidonge: Machapisho ya Frida Ngalesoni na Swali la Carama

Orodha ya machapisho ya mtafiti husomwa mara nyingi kama hesabu: makala ngapi, katika majarida gani, zimenukuliwa mara ngapi. Hesabu hiyo haimfai sana mshauri wa sera. Kinachomfaa ni kujua swali lipi lilizaa swali lipi. Makala za Mtanzania Frida Ngalesoni na wenzake, wakiwamo Bjarne Robberstad na Ole Frithjof Norheim wa Chuo Kikuu cha Bergen, zilizochapishwa kati ya mwaka 2015 na 2017 kuhusu magonjwa ya moyo na uchumi wa afya, zinastahili kusomwa hivyo. Burundi, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, haina sababu ya kuziona kama habari za jirani. Mtaa kama Carama, kaskazini mwa Bujumbura, unakabiliwa na swali lile lile.

Makala hizo zilitanguliwa na tafiti za upimaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha Ilala, jijini Dar es Salaam, na Shari, kijijini Kilimanjaro. Ulibaini kuwa kati ya watu wenye shinikizo la juu la damu, walioijua hali yao hawakufika asilimia 20, na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika asilimia 1. Mwitikio wa kawaida kwa takwimu kama hizo ni kudai upimaji zaidi. Hata hivyo, mwaka 2008 Pascal Bovet na wenzake walichapisha matokeo yanayouyumbisha mwitikio huo. Walipima watu wazima 9,254 jijini Dar es Salaam, wakawapata 253 ambao presha yao ilibaki juu katika vipimo vitano na ambao hawakuwa wakitibiwa. Wote walishauriwa kwenda kutibiwa. Miezi 12 baadaye, miongoni mwa waliofikiwa tena, asilimia 34 walikuwa wamemwona mhudumu wa afya walau mara moja. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa asilimia 3 tu. Kutohisi dalili yoyote kulikuwa sababu kubwa ya kutokwenda, na gharama nayo ilitajwa.

Hapo ndipo uchumi wa afya unapoingia, na mpangilio wa makala za Ngalesoni unaeleweka. Ile ya 2015 inauliza kinga ya magonjwa haya inagharimu kiasi gani nchini Tanzania. Ile ya 2016 inauliza fedha hizo zinanunua afya kiasi gani, kwa kutumia modeli ya Markov, yaani hesabu inayofuata kundi la watu mwaka hadi mwaka wakitoka katika uzima kwenda katika kiharusi au mshtuko wa moyo, na hatimaye kifo. Msingi wake ni hatari ya jumla, si namba ya presha peke yake. Mwanamke wa miaka 35 asiyevuta sigara na mwanamume wa miaka 60 anayevuta na mwenye kisukari wanaweza kusomeka sawa kwenye mashine ya presha; kidonge kile kile humkinga wa pili zaidi kwa fedha ile ile, kwa sababu kiharusi kimemkaribia zaidi. Makala ya 2017 inatoka nje ya zahanati kabisa na kupima hatua za kudhibiti tumbaku, ikiwamo kupandisha bei kwa njia ya kodi. Hatua hii ya tatu ndiyo yenye uzito mkubwa kwa mwanasera, ingawa ndiyo inayosahaulika kwanza, kwani inahamisha sehemu ya mzigo kutoka wizara ya afya kwenda wizara ya fedha.

Tuseme sasa mkazi wa Carama mwenye umri wa miaka 55, asiye mtumishi wa serikali, amepimwa na kukutwa na presha ya juu. Huduma ya bure iliyotangazwa Burundi mwezi Mei 2006 iliwalenga watoto walio chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua, yeye hayumo. Kadi ya usaidizi wa matibabu, iliyoanzishwa 1984, inaweza kumpunguzia malipo, lakini si nauli wala siku ya kazi inayopotea kila mwezi, na haileti dawa kituoni ikiwa haipo. Tena maradhi yake hayamuumi.

Matokeo ya Tanzania hayawezi kuhamishiwa Bujumbura kama yalivyo: bei za dawa, mishahara na njia za ugavi ni tofauti. Kinachohamishika ni utaratibu wa maswali, na kwa Carama swali la kwanza ni la 2015: mwaka mmoja wa matibabu katika kituo cha afya cha mtaa unagharimu faranga ngapi, na ni sehemu gani ya gharama hiyo inayotoka mfukoni mwa mgonjwa? Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki ina makao yake katika jiji hilo hilo. Kazi hiyo haihitaji maabara mpya. Inahitaji daftari la dawa la kituo, mahojiano na wagonjwa wanapotoka kliniki, na mtu wa kurudi kwao baada ya miezi 12.