Kila Dai na Shahidi Wake

Daktari aliyemaliza mafunzo kwa vitendo katika hospitali ya rufaa, iwe Geita au Kakamega, kwa kawaida ameshika kisu mara nyingi kuliko mhitimu mwenzake wa Chicago. Amekamua majipu, ameshona majeruhi wa bodaboda, amefanya upasuaji wa kujifungua, amesaidia kufungua tumbo saa nane za usiku. Lakini akiomba nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji Marekani, faili lake huonekana jepesi mbele ya la huyo mwenzake. Alama za mitihani zina sehemu yake katika hilo, na viza pia. Tatizo ninalokutana nalo zaidi ninaposoma rasimu za vijana wetu ni jingine: kazi yote ile haikuacha karatasi, na pale ilipoacha, karatasi yenyewe haisemi kitu.

Wanaochagua ni wapasuaji wenye zamu zao na wagonjwa wao. Idara inaweza kuwa na nafasi tano au sita kwa mwaka, na maombi yanayowafikia ni mengi mno kulinganisha na nafasi hizo. Geita hawajawahi kufika. Kila wanapokutana na dai ndani ya faili, swali lao ni moja: nani aliona? Mwombaji akilielewa swali hilo, ameelewa sehemu kubwa ya kazi iliyo mbele yake.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Maombi hupitia mtandao wa ERAS na huwasilishwa Septemba. Usaili huendelea kuanzia Oktoba hadi Januari, siku hizi mara nyingi kwa video. Baada ya hapo mwombaji hupanga hospitali kwa kadiri anavyozipenda, na hospitali nazo hupanga waombaji, kisha orodha zote mbili hupelekwa NRMP, chombo kilichoanza kuoanisha madaktari na hospitali mwaka 1952. Kompyuta ya NRMP inafanya kazi ya mshenga: inasikiliza pande zote mbili na kutafuta ndoa ambazo hakuna wawili watakaotamani kuziacha ili waoane wao kwa wao. Hesabu hiyo waliieleza David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962, na wao pia walitumia mfano wa ndoa. Alvin Roth, aliyeuchunguza mfumo wa madaktari na kuufanyia marekebisho yaliyoanza kutumika 1998, alishiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Shapley mwaka 2012. Kwa mwombaji, maana yake ni hii: aandike hospitali kwa mpangilio anaoutaka kweli. Kuiweka juu hospitali asiyoipenda kwa sababu anadhani itamkubali hakumsaidii chochote. Majibu hutangazwa Ijumaa ya tatu ya Machi.

Aliyesoma vyuo vya kwetu lazima kwanza apate cheti cha ECFMG, chombo kinachokagua sifa za madaktari waliosoma nje ya Marekani. Cheti hicho hudai kufaulu mitihani ya Step 1 na Step 2 CK, pamoja na mtihani wa Kiingereza cha kitabibu uitwao OET. Zamani alama ya Step 1 ndiyo iliyokuwa chujio la kwanza, na kijana wa Mwanza mwenye alama ya juu aliweza kuwapita wengi kwa namba hiyo peke yake. Tangu tarehe 26 Januari 2022 Step 1 hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu. Step 2 CK bado ina namba na bado inatazamwa sana. Hata hivyo uzito uliotoka kwenye Step 1 ulihitaji pa kwenda, na sehemu yake imeangukia barua na maelezo ya kazi. Hapo ndipo watu wetu wanapopoteza zaidi.

Nianze na barua. Hospitali moja hupokea barua za mapendekezo zisizozidi nne kwa mwombaji mmoja, na katika upasuaji inatarajiwa nyingi kati ya hizo zitoke kwa wapasuaji. Mwandishi huipandisha mwenyewe mtandaoni, na mwombaji hushauriwa kutia saini kwamba hataisoma, kwa sababu barua ambayo mwombaji ana haki ya kuisoma huaminiwa kidogo. Sasa tazama barua ambayo daktari bingwa wetu, mwenye nia njema kabisa, huandika: “Dkt. Fulani ni mchapakazi, mwenye nidhamu, mtiifu, na anashirikiana vizuri na wenzake. Namtakia kila la heri.” Kwetu hizo ni sifa kubwa, na aliyezipata amezitolea jasho. Msomaji wa Cleveland anasoma mistari hiyo na kuhitimisha kwamba mwandishi hamjui huyu mtu. Neno “mtiifu” linaweza hata kumtia wasiwasi, maana anatafuta mtu atakayepaza sauti akiona kitambaa kimesahaulika tumboni.

Barua inayofanya kazi inasimulia tukio. Chukua mfano wa aina hii: “Usiku mmoja aliletwa kijana aliyepasuka wengu kwa ajali. Dkt. Fulani alinipigia simu, na kwa sentensi nne akanipa mapigo ya moyo, shinikizo la damu lililokuwa likishuka, alichokiona kwenye ultrasaundi, na kwamba chupa mbili za damu zilikuwa tayari njiani. Nilipofika, mgonjwa alikuwa mezani. Alikuwa msaidizi wangu wa kwanza. Asubuhi aliwasilisha kesi hiyo kwenye ripoti, na mwenyewe akataja kwamba tulichelewa dakika ishirini kumpata mtu wa usingizi. Katika miaka yangu ya kufundisha namweka miongoni mwa watatu bora.” Humo mna uamuzi, mawasiliano, mikono na uaminifu, na hakuna sifa hata moja iliyotajwa kwa jina. Mstari wa mwisho, wa kulinganisha, wasomaji wa Marekani huutafuta kwa makusudi, na usipokuwepo hujiuliza kwa nini.

Kijana hawezi kumwandikia bosi wake barua, na asithubutu. Anachoweza ni kumrahisishia kazi. Amwendee mapema, miezi miwili au mitatu kabla, kwa heshima zote: “Shikamoo Profesa, naomba kama utaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua ya kuniunga mkono.” Maneno “vya kutosha” yawepo, ili mzee apate mlango wa kukataa bila aibu. Akikubali, aachiwe karatasi moja yenye tarehe walizofanya kazi pamoja, kesi tatu nne walizoshughulikia na kazi aliyoifanya kijana katika kila moja. Mabingwa wetu wana wodi mbili na kliniki yenye foleni hadi getini. Hawakumbuki usiku wa mwaka juzi mpaka mtu awakumbushe.

Kuna imani kwamba barua ya Mmarekani yeyote huishinda ya bingwa wa nyumbani. Siikubali ikisemwa jumla hivyo. Aliyekwishahitimu mara nyingi huruhusiwa kule kutazama tu bila kumgusa mgonjwa, na mpasuaji aliyekuona umesimama pembeni kwa mwezi mmoja atathibitisha kwamba unafika kwa wakati na unauliza maswali mazuri. Hilo lina faida, kwa sababu mwandishi ni mtu wanayemfahamu. Lakini hakuona mikono yako. Bora barua za pande zote mbili zikae pamoja. Aliye bado mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa vipo vyuo vinavyopokea wanafunzi wa nje kwa mafunzo ya wiki kadhaa ya kushiriki kazi hasa, na mlango huo hufungwa siku ya mahafali.

Sehemu ya pili ni uzoefu. ERAS humpa mwombaji nafasi ya kuorodhesha mambo yasiyozidi kumi, kisha achague matatu yenye maana kubwa kwake na kueleza sababu. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima usiku na mchana hujaza hivi: “Nilifanya upasuaji mwingi wa aina mbalimbali katika hospitali ya rufaa.” Hapo amejinyima mwenyewe. Mfano wa maelezo yenye uzito ni kama haya: “Hospitali ya mkoa yenye daktari bingwa mmoja wa upasuaji. Miezi mitatu katika idara. Ngiri za kinena 14, nikisimamiwa. Msaidizi wa kwanza katika laparotomia 22. Nilianzisha daftari la mishono iliyotunga usaha, na tukabadilisha muda wa kutoa antibiotiki kabla ya kupasua.” Namba ziwe za kweli na ziwe zimetoka kwenye daftari. Kumbukumbu ya kichwani huongeza.

Na hapa pana jambo ambalo vijana wengi huligundua wakiwa wamekwishachelewa. Kinachotuletea heshima nyumbani, yaani kupasua peke yako usiku bingwa akiwa mbali, kule kinaweza kusomeka kama hatari. Msomaji hajui kwamba ambulansi ingechukua muda mrefu kufika hospitali kubwa na mgonjwa asingefika hai. Anaona daktari asiye na ubingwa akifanya kazi bila msimamizi. Ukweli haufichwi, unaelezwa. Nani alikuwa kwenye simu, kwa nini mgonjwa hakuweza kusafirishwa, uamuzi ulifikiwaje, matokeo yalikuwa nini. Upasuaji wa kujifungua nao unahitaji sentensi moja ya maelezo, kwani Marekani ni kazi ya mabingwa wa uzazi, na mpasuaji anaweza kushangaa umetoka wapi ndani ya faili la upasuaji wa jumla.

Daftari lenyewe lianze wiki ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo: tarehe, aina ya upasuaji, nafasi yako mezani, jina la msimamizi na saini yake, matatizo yaliyotokea baadaye. Jina la mgonjwa na namba ya faili lake visiingie, wala picha. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, lakini hata bila sheria, mgonjwa alikupa mwili wake utibiwe, hakukupa kisa cha kujipamba nacho.

Maelezo binafsi yasizidi ukurasa mmoja. Rasimu nyingi huanzia kwenye kifo cha babu na nia iliyozaliwa siku hiyo. Sidharau msiba wa mtu, ila wasomaji wameusoma mara nyingi, na haumwambii mpasuaji kitu kuhusu namna unavyofanya kazi. Simulia mgonjwa mmoja, na ulichokifanya tofauti kesho yake. Kama kuna mwaka mtupu tangu uhitimu, utaje hapo na useme ulikuwa wapi, kwa sentensi mbili. Pengo lisiloelezwa msomaji atalijaza mwenyewe, na mara chache atakujazia vizuri.

Utafiti unatiliwa maanani, hasa katika upasuaji wa ubongo na wa urembo na ukarabati. Andiko moja ulilolifanyia kazi tangu kukusanya takwimu lina nguvu kuliko majina matano uliyobandikwa katikati ya orodha ya waandishi. Kilichotumwa jaridani kiandikwe kimetumwa, kisiandikwe kimechapishwa. Wachunguzi wa Marekani wamewahi kuyafuatilia machapisho yaliyodaiwa kwenye maombi na kukuta mengine hayapo popote, na idara zinalijua hilo. Dai moja la uongo likibainika, hata yale ya kweli hayana tena atakayeyaamini.

Siku hizi mwombaji pia hutuma ishara, yaani tamko rasmi kwa hospitali chache kwamba anazitaka hasa. Upasuaji wa masikio, pua na koo ulianza jambo hili msimu wa 2020–2021, na ortopedia ilipoingia iliruhusu ishara 30. Idadi hubadilika kwa fani na kwa mwaka. Zitumwe kwa hospitali ambazo zimewahi kuchukua wahitimu wa nje na zinazodhamini viza, na hayo yote hupatikana kwenye tovuti zao au kwa kuiandikia ofisi ya mafunzo. Kuna pia nafasi za mwaka mmoja tu, zisizomfikisha mtu kwenye ubingwa. Si haramu kuzikubali, na wapo waliopandia hapo, lakini mtu ajue anatia saini mwaka mmoja wala si mitano ya upasuaji wa jumla au saba ya ubongo.

Aliyepata nafasi kwa viza ya J-1 atahitaji barua ya wizara ya afya ya nchi yake inayothibitisha kwamba nchi inahitaji mabingwa wa fani hiyo. Kwa kawaida mwenye viza hiyo hudaiwa pia kurudi nyumbani baada ya mafunzo na kukaa miaka miwili, isipokuwa apate msamaha. Barua ya wizara hupita mezani kwa watu kadhaa, kwa hiyo ufuatiliaji uanze wiki ileile ya majibu.

Na kwa asiyevuka bahari, daftari hilohilo halipotei. Chuo cha wapasuaji cha kanda yetu, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye ofisi Arusha, hufundisha ndani ya hospitali zetu wenyewe: miaka miwili ya uanachama, kisha miaka mitatu hadi ubingwa wa upasuaji wa jumla, na mwanafunzi wake huandika kila upasuaji kwa mfumo wa kielektroniki, pamoja na jina la aliyemsimamia.