Nyiragongo: mlima « unang'aa » ao « unawaka »?

Usiku, mawingu yakiwa mekundu juu ya Nyiragongo, kaskazini mwa muji wa Goma, wengi wanapiga kelele: « Mulima inawaka! » Wengine wanaanza kufunga mizigo. Lakini mara nyingi neno linalofaa ni kung'aa.

Kung'aa ni kutoa mwangaza ao kuurudisha, kama vile mabati mapya yanang'aa kwa jua. Kuwaka ni moto wenyewe kushika. Ndani ya shimo la Nyiragongo mara nyingi munakuwa ziwa la lava, ni kusema mawe yaliyoyeyuka. Mwangaza wake unapiga mvuke na mawingu, mbingu inang'aa. Lava ingali ndani.

Tarehe 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021 ilikuwa ingine: ardhi ilipasuka kwenye mbavu za mlima, lava ikatelemka mpaka ikaunguza nyumba za watu.

Kwa hiyo, ukimuita jirani, useme kile uliona: mawingu yanang'aa tu, ao moto unatelemka? Na giza juu ya mlima haimaanishi usalama. Tangazo la OVG ndilo la kufuata.