Utani wa Herufi Mbili: Kicheko, Mzaha na Swala katika Nchi ya Wakurya

 

Ndugu msomaji, atakayekaa siku chache Tarime, Sirari au Mugumu hatakosa kusikia watu wakicheka kwa sababu ya herufi mbili tu. Kikurya hakina sauti ya L iliyotengana na R. Kwa hiyo mwenye lugha hiyo akisema Kiswahili, "kula" huweza kuwa "kura" na "kulala" kuwa "kurara". Mgeni wa pwani hucheka, na mwenyeji naye hucheka. Tena mara nyingi mwenyeji ndiye anayeanza, akisema kuwa kwao kila siku ni siku ya uchaguzi, maana asubuhi na jioni watu "wanakura".

Mzaha huu ukiishia sokoni hauna uzito mkubwa. Lakini huingia nao msikitini. Imamu asiyetofautisha L na R anasoma Fatiha, na nyuma yake vijana wanabana kicheko. Hapo pana masuala matatu: la utani wenyewe, la swala ya imamu, na la swala ya wanaocheka.

Asili ya jambo ni ruhusa. Amepokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Dharr (r.a.) kuwa kutabasamu mbele ya nduguyo ni sadaka. Jarir bin Abdillah (r.a.) ameeleza, katika Bukhari na Muslim, kuwa tangu aliposilimu Mtume (s.a.w.) hakumwona ila alitabasamu. Wanaodhani kuwa kukunja uso ni alama ya elimu hawana dalili hapa.

Mtume (s.a.w.) alicheza hata na maneno. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampa mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa atafanya nini na mtoto wa ngamia, naye akamwuliza kama yuko ngamia asiyekuwa mtoto wa ngamia. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas (r.a.). Anas mwenyewe aliitwa "mwenye masikio mawili", na nani hana mawili? Na mdogo wake, Abu Umair, aliulizwa habari za ndege wake, nughair, kwa maneno mawili yenye vina, jina la mtoto na jina la ndege. Ajuaye Kiarabu huona mara moja utamu wake. (Ama kisa cha bibi kizee aliyeambiwa kuwa wazee hawaingii Peponi, kinachopendwa sana juu ya mimbari, Tirmidhi amekitaja katika Shamail kwa njia ya al-Hasan al-Basri, nayo ni mursal. Anayekisimulia na akitaje hivyo.)

Tazama kuwa katika yote hayo hakuna neno la uongo. Abu Hurayra (r.a.) ameeleza kuwa masahaba waliuliza juu ya mizaha hiyo, wakajibiwa kuwa hasemi ila kweli. Anayetunga uongo ili watu wacheke ana onyo kali katika Abu Daud na Tirmidhi.

Hadhari nyingine inawahusu hasa watu wa utani. Huku kwetu, kama kwingi Tanzania, babu humwita mjukuu wake "mke wangu", na mjukuu humjibu apendavyo. Maneno hayo hayafungi ndoa, kwani hamna ndani yake ijabu wala kabuli. Lakini yako matatu ambayo mzaha wake huhesabiwa kuwa ni kweli: ndoa, talaka na rejea. Baba akimwambia kijana barazani, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, "nimekuoza binti yangu fulani", na kijana akajibu "nimekubali", katika kauli iliyo sahihi zaidi kwa Mashafii ndoa hiyo hufungika masharti mengine yakitimia. Na mume anayemwambia mkewe "nimekuacha" ili kuwachekesha watani wake, jamhuri ya wanavyuoni wanasema talaka imepita. Watani wataondoka wakicheka, naye atabaki na eda ya kuhesabu.

Turudi kwenye herufi zetu. Aya ya 11 ya Surat al-Hujurat imekataza watu kuwadharau watu wengine. Na katika Surat az-Zukhruf, aya ya 52, aliyemkejeli mwenzake kwa uzito wa ulimi ni Firauni, na aliyekejeliwa ni Nabii Musa (a.s.). Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) katika Ihya ametaja kumcheka mtu kwa maneno yake yanapomchanganyikia kuwa ni katika dhihaka, na akafafanua kuwa iliyo haramu ni ile inayomuudhi mwenyewe. Anayejifanya kichekesho kwa hiari yake, na pengine akafurahi, kwake huwa ni mizaha tu. Basi yule wa sokoni anayejitania hana neno. Mgeni anayemwiga mzee wa watu mbele ya wakwe zake ni jambo jingine, hata kama mzee atatabasamu kwa adabu.

Ama swala ya imamu, wengine humtetea kwa hadithi kuwa sini ya Bilal (r.a.) ni shini mbele ya Mwenyezi Mungu. Ibn Kathir amesema haina asili. Tunahitaji fiqhi. Imamu Nawawi katika Minhaj amemhesabu anayebadilisha herufi ya Fatiha kuwa haimswalishi anayesoma sawasawa, ila anamswalisha aliye mfano wake. Na maana hubadilika kweli: "dhaallin" ni waliopotea, "dhaarrin" ni wenye kudhuru. Kama ulimi wake hauwezi kabisa baada ya juhudi, swala yake mwenyewe ni sahihi. Kama anaweza kujifunza na akazembea, si sahihi. Na kama herufi inasikika ila haina usafi kamili, haidhuru. Uzoefu wa vyuoni ni kuwa wengi wanaosema "kurara" nyumbani husoma "dhaallin" vizuri wakipata mwalimu mvumilivu. Katika kijiji ambacho wote ni hali moja, waswali nyuma yake bila wasiwasi. Akiwepo msomaji bora, atangulizwe kwa upole, na imamu aelezwe faraghani.

Na vijana wanaocheka? Kutabasamu hakubatilishi swala. Kicheko kilichotoa sauti ya herufi mbili huibatilisha kwa Mashafii, na kwa Mahanafi kicheko cha sauti ndani ya swala huvunja hata udhu. Kwa hiyo huenda imamu wao wa "rirrahi" akatoka na swala yake kamili, na wao wakalazimika kurudia yao. Wallahu aalamu.