Bunduki ikiua, nani alipe: aliyetengeneza au aliyeuza?

MHUNZI anayeuza panga sokoni hahesabiwi kosa panga hilo likitumika kumkata mtu. Aliyekata ndiye anayekwenda jela. Nchini Marekani wamebishana mahakamani kwa zaidi ya miaka 25 iwapo kanuni hiyo inatosha pia kwa kiwanda cha bunduki, na ubishi huo umewagharimu wenye viwanda, wenye maduka na kampuni za bima mamilioni ya dola.

Mwishoni mwa 1998 miji ya New Orleans na Chicago ilifungua kesi dhidi ya viwanda vya silaha, na miji mingine ikafuata. Hoja iliyojitokeza ilikuwa ya kiuchumi: kiwanda kinachukua faida, lakini gharama za hospitali na polisi zinabebwa na walipa kodi. Kwa maneno mengine, bei ya bunduki dukani haikubeba gharama zake zote. Mkulima anayepokea maji machafu kutoka kiwanda kilichoko juu ya mto anaielewa hoja hiyo bila kufundishwa.

Kiwanda cha Smith & Wesson kiliamua kupatana. Machi 2000 kilikubaliana na serikali ya Rais Bill Clinton kuweka vifungio vya usalama na kuwabana mawakala wake wawe waangalifu zaidi. Wateja walikasirika na kukisusia. Kampuni ya Tomkins ya Uingereza, ambayo ilikinunua mwaka 1987 kwa dola milioni 112, ilikiuza mwaka 2001 kwa dola milioni 15 tu. Viwanda vingine viliona yaliyompata mwenzao, vikaelekeza nguvu zao bungeni.

Nguvu hizo zilizaa matunda. Oktoba 2005 Rais George W. Bush alisaini sheria inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa silaha dhidi ya madai yanayotokana na uhalifu uliofanywa na mtu mwingine. Ni kinga ambayo wafanyabiashara wachache sana duniani wanayo. Hata hivyo, sheria hiyo iliacha milango. Bunduki ikiwa mbovu na ikamdhuru mtumiaji, kiwanda kinashitakiwa kama kingine chochote. Aidha, anayempa silaha mtu ambaye anajua, au alipaswa kujua, kuwa ni hatari, au anayevunja kwa makusudi sheria za kuuza na kutangaza silaha, hana pa kujificha.

Mlango huo wa mwisho ndio uliotumika katika kesi ya shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, ambako watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa Desemba 14, 2012. Bunduki iliyotumika ilikuwa imenunuliwa kihalali na mama wa muuaji. Mawakili wa familia tisa hawakusema bunduki ilikuwa mbovu. Walisema Remington, kampuni mama ya waliotengeneza bunduki hiyo, iliitangaza kwa vijana kama silaha ya kivita na alama ya uanaume, kinyume cha sheria ya biashara ya jimbo hilo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya jimbo iliruhusu kesi iendelee, kwa kura 4 dhidi ya 3. Februari 2022 familia hizo zilikubali dola milioni 73. Remington yenyewe ilikuwa imekwisha kufilisika. Waliolipa ni kampuni nne za bima.

Kwa mwenye duka dogo, lakini, kesi ya kusoma kwa makini ni ile ya duka la Badger Guns, jirani na Milwaukee. Mwaka 2009 vijana wawili waliingia dukani. Mmoja alikuwa na miaka 18, umri usioruhusiwa kununua bastola, naye akaonyesha aliyoitaka. Mwenzake wa miaka 21 akajaza fomu na kulipa. Karani aliona, akauza. Baada ya muda mfupi yule mdogo aliwapiga risasi polisi wawili, nao wakanusurika. Oktoba 2015 baraza la wazee wa mahakama liliamuru duka liwalipe karibu dola milioni 6. Hapakuwa na bunduki mbovu wala tangazo baya hapo, ni karani aliyefumba macho ili asipoteze mauzo ya siku moja.

Mexico nayo ilijaribu bahati yake Agosti 2021, ikivishitaki viwanda vya Marekani mjini Boston kwa kuacha silaha zao zivushwe mpaka hadi kwa magenge. Juni 5, 2025 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliikataa kesi hiyo. Jaji Elena Kagan, aliyeandika hukumu, alieleza kuwa kujua tu kwamba baadhi ya wauzaji ni wakorofi hakumfanyi mtengenezaji kuwa mshirika wao. Lazima ionekane amesaidia uhalifu kwa kukusudia.

Kwa hiyo macho sasa yako kwenye majimbo. New York ilitunga sheria mwaka 2021, na California ikafuata, zinazowataka watengenezaji na wauzaji wachukue hatua za maana kuzuia silaha zisiangukie mikononi mwa wasioruhusiwa. Wenye viwanda wamezipinga mahakamani.